Uzi wa Kiunoni mwa Chatu

Kale, enzi ambazo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, chatu alikuwa wa rangi moja kuanzia kichwani hadi mkiani. Alikuwa wa kahawia iliyopauka, kama udongo wa ukuta uliokauka, bila doa wala baka wala mchoro wowote. Ukimwona leo amejikunja na mabaka yake meusi mgongoni, utadhani alizaliwa nayo. Hakuzaliwa nayo. Aliyapata kwa watu, tena katika nyumba moja tu, kijijini Mwabulenga, kwa bwana mmoja aliyeitwa Luhende.

Kabla sijaendelea, niwatahadharishe. Wapo watakaowaambia kwamba hii ni habari ya ulafi. Watakunja uso na kusema, "Tamaa mbele, mauti nyuma," kisha wataondoka wakijiona wamefundisha. Msiwasikilize. Mimi nimefuga chatu na kucheza nao ngomani tangu kichwa changu hakijaota mvi, na nawaambieni chatu hana tamaa hata kidogo. Anaweza kukaa mwezi mzima bila kula na asimnunie mtu. Kilichotaka kumuua chatu wa Mwabulenga ni adabu.

Luhende huyo alikuwa mkarimu wa kupindukia. Ukipita mbele ya nyumba yake bila kuingia, alihesabu kwamba umemtukana. Na siku hizo watu wa Mwabulenga walikuwa na desturi yao kuhusu mgeni na chakula. Mgeni akiandaliwa, hamalizi. Husaza kidogo, matonge mawili matatu ya ugali na mchuzi wa kuchovya, na masazo hayo ndiyo shukrani yake. Maana yake nimeshiba, mmenipa kuliko tumbo langu. Lakini mgeni akikwangua chano mpaka kikang'aa, mwenye nyumba hushikwa na aibu, kwa kuwa amemlaza mtu na njaa. Kesho yake lazima chakula kiongezwe, na kisipotosha kiongezwe tena, mpaka masazo yaonekane. Mgeni naye alikuwa na sheria yake: hasukumi chakula alichowekewa. Kukataa chakula cha mwenyeji kulikuwa sawa na kumwambia mkewe kwamba hajui kupika.

Kwa binadamu desturi hizo mbili zilikaa pamoja bila matata, maana binadamu ana mkono, na mwenye mkono anaweza kumega na kubakiza. Matata yalianza alipokuja mgeni asiye na mkono.

Mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri, na panya nao walisikia habari. Waliingia kwenye vihenge kama watu waliokaribishwa harusini. Mtama uliotakiwa kuifikisha nyumba kwenye mvua nyingine ulikuwa unakwisha mbele ya macho ya watu. Nkwimba, mke wa Luhende, alikuwa na mtoto mchanga wa kike aitwaye Minza, na kila alipokwenda kuchota mtama wa uji alikuta makapi na mavi ya panya. Asubuhi moja, akiwa amekaa kizingitini anapeta kile kilichobaki, alisikia sauti nyembamba ikisema, "Mwangaluka, wenyewe."

Alipoinua macho aliona chatu mdogo, mwembamba kama kamba ya kufungia ndama.

"Mwangaluka," Nkwimba aliitikia, maana salamu ni salamu. "Karibu. Unatoka wapi?"

"Natoka ng'ambo ya mbuga, mama. Moto wa nyasi umetuunguzia kwetu. Naomba mahali pa kulala."

Wakampa nafasi kwenye kihenge. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli nyumba ile ilipona. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa huyu jembe angelishika na nini? Kazi yake ikawa panya. Alikamata mmoja mdogo, wa kimo chake, akammeza, akajikunja na kulala mpaka tumbo likawa tambarare tena, ndipo akamtafuta mwingine. Panya wengine walipoona hivyo walihamia kwa majirani. Mtama ukaacha kupungua, Nkwimba akampenda chatu yule kama mtoto wa nyumbani, na wote wakamwita Mgeni.

Lakini majirani, ambao sasa walikuwa na panya wa Luhende juu ya panya wao wenyewe, hawakuacha kuchokoza. Jirani mmoja, Bundala, alipita uani akauliza kwa sauti ya kusikika njia nzima, "Luhende, siku hizi wageni wako wanajitafutia wenyewe?"

Masikio ya Luhende yalipata moto. Siku hiyohiyo akaweka kifaranga juu ya chano, akakipeleka kihengeni kwa mikono miwili, akasema karibu chakula. Mgeni akashukuru, akameza. Luhende alipokuja kuchukua chano akakuta hakuna kitu, hata unyoya.

"Mama Minza, njoo uone," aliita. "Hakusaza."

"Labda amekipenda."

"Mtu akipenda husaza vilevile. Huyu ana njaa."

Basi kesho yake ikaja tetea. Mgeni akakunjua taya zake, akahangaika, akameza. Chano kikarudi kitupu. Kesho kutwa, kabla hata tetea hajashuka vizuri, likaja jogoo kubwa la kuwikia uani. Chatu hatafuni wala hamegi. Kitu ama kinaingia chote ama hakiingii kabisa. Angesaza nini? Mara moja alijaribu kuacha manyoya marefu ya mkia wa jogoo yachomoze mdomoni, akitumaini yatahesabiwa kuwa masazo. Luhende alipoyaona alidhani yamemkwama mgeni wake, maskini, akamsaidia kuyasukuma ndani kwa kidole.

Na kwa nini Mgeni hakusema? Kwa sababu mama yake alimlea. Alimfundisha kwamba nyumbani kwa watu unakula unachopewa, unasema asante, unanyamaza. Kwa hiyo alikula, akasema asante, akanyamaza, huku machozi yakimlenga. Mwenyeji alimwogopa mgeni na mgeni alimwogopa mwenyeji, na baina yao kuku wakateketea.

Mwili wa Mgeni ukavimba katikati kama gunia lililofungwa vibaya. Macho yakafifia. Alishindwa kujikunja na alishindwa kujinyoosha. Panya waligundua haraka. Walirudi mmoja mmoja, wakapita mbele ya pua yake, na inasemekana walimwamkia kabisa, shikamoo mzee, kisha wakaingia kwenye mtama. Naye hakuweza hata kutikisa mkia. Halafu siku moja mchana, mbele ya watu waliokuja kuazima mchi, Mgeni alitetemeka mwili mzima akalitapika lile jogoo, zima, na manyoya yake. Baada ya hapo akalala kimya, na pumzi yake ikawa ya kuhesabika.

Luhende alikaa chini kwenye vumbi. "Nimemuua mgeni," alisema. Alikuwa anaogopa kweli, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana kwa watu wake hakukuwa na jina baya kuliko la mtu aliyefiwa na mgeni kwa njaa. Ndiyo, kwa njaa. Mpaka hapo bado aliamini kwamba ni njaa.

Majirani wakajaa uani, kila mmoja na dawa yake. Aliyeongea kwa uhakika zaidi alikuwa Bundala. Alimshika Mgeni kichwa, akampanua kinywa, na kinywa kikapanuka, kikaendelea kupanuka, mpaka watu wakarudi nyuma. "Mnaona?" alisema. "Mlango ni mkubwa hivi, nyinyi mnapitisha kuku. Vitu vidogo vinamchokoza tumbo tu. Hapa panaingia mbuzi." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Luhende naye akapumua; alifarijika kusikia kwamba kosa lake lilikuwa ni kubana mkono, maana kosa hilo alijua namna ya kulitubia.

Wakati huo Nkwimba alikuwa pembeni anamwogesha Minza. Kwao mtoto mchanga hufungwa uzi wa pamba kiunoni, uliopakwa masizi na samli, na kwa uzi huo mama hujua mambo yote: ukibana, mtoto ananenepa, ukilegea, mtoto anapungua, atazamwe. Minza alikuwa amefika umri ule wa kutia kila kitu kinywani. Nkwimba alikuwa ametoka kumpokonya kokoto, na sasa alikuwa anamtoa mpini wa mwiko, aliposikia neno la Bundala. Akacheka. Alicheka kwa nguvu, katikati ya huzuni ya watu, mpaka wakamgeukia kwa macho mabaya.

"Mnampima kinywa?" aliuliza. "Kinywa kina akili gani? Huyu wangu angeachiwa angemeza jiwe la kusagia. Mtoto hupimwa kiunoni."

"Na kiuno cha nyoka kiko wapi?" Bundala alimjibu.

Swali hilo liliwachukua muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Wako waliosema kiuno kiko nyuma tu ya kichwa, wako waliosema kiko karibu na mkia, na mzee mmoja alishikilia kwamba nyoka ni kiuno kitupu, hana kingine. Ilikaribia kuwa ugomvi. Nkwimba akawaacha wabishane, akaenda kupiga magoti karibu na kichwa cha Mgeni na kumuuliza taratibu kama alikuwa na njaa.

"Hapana, mama," Mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Sijawahi kuwa na njaa tangu kifaranga kile. Niliona aibu kukataa."

Luhende alisikia. Alimtazama mgeni wake, akatazama lile jogoo chini, na uso wake ukabadilika. "Na mimi niliona aibu kuacha," alisema. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Mgeni angekuwa na nguvu angecheka pia.

Kuanzia hapo Nkwimba ndiye aliyeshika uangalizi. Jambo la kwanza alipiga marufuku chakula. Tumbo lipumzike, alisema, apewe maji tu na kivuli. Luhende alijifunika uso kwa mikono. "Watasema namnyima mgeni."

"Waseme," alijibu Nkwimba.

Na walisema! Walisema kisimani, walisema shambani, walisema hata kwenye msiba wa watu wengine. Lakini Mgeni alianza kufumbua macho. Mwili ulipokuwa tambarare na laini tena, Nkwimba alichukua uzi wa zamani wa Minza, akaupaka masizi mapya na samli, akauzungusha pale ambapo Mgeni alikuwa mnene kuliko kwingine, akafunga fundo lisilobana. Kisha akavua ule uzi bila kufungua fundo, akatafuta panya mdogo, akampitisha katika tundu. Alipita bila kusukumwa. Huyo ndiye Mgeni aliyepewa. Alimeza bila jasho, akabaki na kimwinuko kidogo tumboni, na hakuna aliyemgusa wala kumletea kingine mpaka kimwinuko kile kilipoisha.

Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Uzi ulirudishwa mwilini, na kila ulipoanza kubana Nkwimba alifungua fundo, akaongeza urefu, akapaka masizi upya, akaufunga mahali pengine kidogo, kwa sababu mwili unaokua haukai na unene wake mahali pamoja. Uzi ukiongezeka, chakula kiliongezeka. Panya mdogo akawa panya mkubwa, panya mkubwa akawa kifaranga. Na kila pale uzi ulipokaa, masizi na samli viliingia mwilini vikaacha baka jeusi. Mgongoni yalibaki, tumboni ardhi iliyafuta pamoja na ile kahawia Mgeni alipotambaa, ndiyo maana mpaka leo tumbo lake ni jeupe. Siku alipojivua gamba kwa mara ya kwanza alilia akidhani mabaka yake yamekwenda na gamba la zamani, akatoka akakuta yako chini yake, mapya na yanang'aa. Siku hiyo alijizungusha uani mpaka kuku wakaona kero.

Sasa, maneno yana miguu. Yale ya kisimani yalitembea mpaka kijiji cha mbali alikokuwa akiishi Mzee Gindu, baba yake Nkwimba. Yalimfikia yakiwa yamenenepa: kwamba binti yake amemfunga mgeni kamba kiunoni na anamshindisha njaa. Mzee Gindu alikuwa mtu wa heshima zake. Alichagua mbuzi jike aliyenona kuliko wote zizini, akamshika kamba, akatembea naye mpaka Mwabulenga kulisafisha jina la ukoo.

Alifika mchana, na kijiji kizima kikamfuata uani kumwona akimwadhibu binti yake. Hakumwadhibu. Alimfunga mbuzi mbele ya Mgeni, akasimama wima na kutangaza, "Chakula hiki kinatoka nyumbani kwangu. Mgeni wa mkwe wangu ni mgeni wangu. Karibu ule."

Hapo kila mtu alielewa kilichotokea. Luhende asingeweza kumpinga baba mkwe. Hata kumtazama usoni haikuwa adabu. Nkwimba asingeweza kumwaibisha baba yake mbele za watu. Alimkumbatia Minza kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Mgeni alikuwa amepona, lakini hakuwa amefika hata kwenye tetea, na akimmeza mbuzi yule asingeliona jua la kesho. Hakuna aliyebaki wa kusema isipokuwa mgeni mwenyewe, aliyelelewa asiseme.

Mgeni alimtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa anatafuna majani ya ukutani, hana habari. Taya za Mgeni zikaanza kufunguka zenyewe, kama alivyofundishwa, zikafunguka mpaka Bundala akamgusa jirani yake kwa kiwiko. Luhende alifumba macho. Aliomba kimoyomoyo kwamba kijana yule awe mkosefu wa adabu, mara moja tu.

Mgeni akafunga mdomo.

Alitambaa polepole mpaka miguuni pa Mzee Gindu, akalaza mbele yake sehemu yenye uzi. "Babu," alisema, "mbuzi wako ni mzuri, na kinywa changu kinamtaka. Lakini hapa hapiti. Nikimmeza nitakufa, na wewe utakuwa umetembea njia yote hii kuja kunizika. Ahsante. Nimeshiba."

Mzee Gindu aliinama kwa taabu, magoti yakilia, akauvua ule uzi na kuupeleka kwenye kichwa cha mbuzi. Uliishia puani. Mbuzi akajaribu kuula. Mzee akauokoa, akaugeuzageuza vidoleni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakadhani ni hasira.

"Nimekula kwa watu maisha yangu yote," alisema alipoweza kusema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kwa mama mkwe wangu nililishwa mlenda mpaka nikaumwa mgongo. Nilikuwa naomba Mungu nyumba ishike moto ili tutoke. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kufunga mdomo na kusema ahsante, na mbingu zisianguke!" Akakaa chini kabisa, pale pale vumbini, baba mkwe mzima, akamrudishia Mgeni uzi wake kwa mikono yake mwenyewe. Mbuzi akapewa Nkwimba kwa ajili ya maziwa ya Minza, na Bundala akakumbuka kwamba ana kazi nyumbani.

Habari ile nayo ilitembea. Chatu wa ng'ambo ya mbuga waliposikia kwamba yuko mama anayejua kupima, wakaja na watoto wao, na Nkwimba akafundisha wanawake wengine, na mikono ya wanawake wote wa Mwabulenga ikawa myeusi kwa masizi. Ndivyo mabaka yalivyoenea kwa chatu wote, wa kufugwa na wa porini. Na tokea hapo sisi tunaofuga chatu hatumwangalii kinywa. Tunatazama pale alipo mnene, tunamchagulia kitu cha unene huo na si zaidi, na akishakula tunamwacha alale. Akikigeuzia kichwa pembeni tunakiondoa, na hakuna anayenuna.

Hata watu walibadilika. Mwabulenga ya leo, mgeni akisema nimeshiba, mwenyeji hujibu "haya," na chano kinaondolewa.